Dume kageuka mbabe ghafla, ni homoni au?

mvuvi_wa_ujiji: Wadau habari, nna tangi la samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, juzi dume kubwa kafa asubuhi, basi yule aliyekuwa kapauka anajificha nyuma ya jiwe mchana huohuo kawa na rangi kali, mstari mweusi jichoni, anafukuza wenzake mpaka mapezi yanachanika. Imekuaje?

dada_bailojia: Mkuu kwa maelezo hayo huyo ni Astatotilapia burtoni. Mtafiti Russell Fernald wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, kamchunguza miaka mingi, dume akiona kiti kiko wazi rangi inabadilika ndani ya dakika chache, afu kwenye ubongo seli zinazotoa GnRH (homoni inayowasha mfumo wa uzazi) zinanenepa, zinaamsha pituitari (tezi iliyo chini ya ubongo), korodani nazo zinakua. Akinyang'anywa eneo vyote vinarudi nyuma, mi hapo ndo huwa nashangaa kabisa, yani cheo kinajenga mwili!

Kaka Tanga: Na isotosini, homoni ya samaki, je? Ni ndugu wa oksitosini yetu binadamu, ile homoni ya uzazi na ukaribu. Samaki aina ya Neolamprologus pulcher wa ziwa hilohilo wanaishi kiukoo, wadogo wanasaidia kulea mayai ya wakubwa, walipochomwa sindano ya isotosini wakawa wananyenyekea zaidi wakitishwa. Kwahiyo usiseme homoni ya ugomvi, inategemea kasimama na nani.

mvuvi_wa_ujiji: Asanteni sana. Sasa hawa wanaochanwa niwafanyeje?

dada_bailojia: Weka vigae na mawe mengi wasionane, ila yule mwenye jeraha mtoe leo leo.