Msaada: maneno ya Kiingereza ya tabia na vyeo vya Zama za Kati, nayafundishaje?

Mwl_Chaki
Wakuu, salaam. Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu, na nina kikundi cha jioni kinachosoma hadithi za Uingereza ya Zama za Kati: wafalme, ngome, askari wa farasi. Msamiati ndio unatukwamisha. Nimewapa orodha ndefu ya vyeo na sifa za tabia, wanakariri, wiki ikipita yote yameyeyuka. Sasa mmoja kaniuliza: mkulima wa bwana anaitwa "villein", mtu mwovu "villain". Kwani wakulima wote walikuwa waovu? Naombeni mbinu.

Kobe_Mzee
Huyo mwanafunzi mnunulie soda. Ni neno moja, tena lilianza kwenye shamba. Villein alifungwa kwenye ardhi ya bwana: hahami bila ruhusa, na akimwoza binti yake analipa faini. Waliokuwa na kalamu na mahakama ni mabwana, kwa hiyo jina la mnyonge likageuka tusi. Angalia na "churl": kabla ya Wanormani, wageni kutoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka nchi mwaka 1066 alikuwa mtu huru wa kawaida, leo ni mtu asiye na adabu. Upande wa pili, "noble" (mwenye hadhi), "gentle" (mpole) na "generous" (mkarimu) yote yalihusu kuzaliwa ukoo bora kabla hayajawa sifa za moyo. "Courteous" ndiyo adabu za ikulu. Mwalimu, orodha ya vyeo na orodha ya sifa ni moja. Usizitenganishe.

BintiMvita
Naongezea alichosema Mzee Kobe. Anzia kwetu, watakuelewa haraka. Muungwana kwenye miji ya pwani alikuwa mtu huru mwenye ukoo wake, si mtumwa. Leo ukimwita mtu muungwana unasifu mwenendo, hakuna anayeuliza babu yake nani. Na mshenzi alikuwa mtu wa bara machoni pa watu wa mji. Sasa ni tusi kwa yeyote. Wakishaliona hilo, "gentle" na "churl" hazitawasumbua.

Ngazi7
Yote mazuri, lakini mtihani hauulizi asili ya maneno. Chora ngazi ubaoni: mfalme juu, kisha duke, marquess, earl, viscount, baron. Knight (askari wa farasi) chini yao, halafu wakulima. Waambie pia ngazi hiyo haikushuka mbinguni siku moja: earl walikuwepo kabla ya 1066, duke wa kwanza Uingereza alipatikana 1337.

Kobe_Mzee
@Ngazi7 ngazi sawa, ila bila hadithi itayeyuka kama orodha. Chukua "knight" na "knave". Yote mawili yalianza na maana ya kijana, mtumishi. Mmoja akapewa farasi na upanga akapanda cheo, mwenzake akabaki jikoni mpaka jina lake likawa la tapeli. Nani atasahau hiyo? Na "lord" asili yake ni mlinzi wa mkate, "lady" mkanda unga.

BintiMvita
😂 Mkanda unga! Basi hapa kwetu ma-lady tumejaa.
Mwalimu, wagawie nafasi darasani: huyu baron, yule villein, mwingine msimamizi wa shamba. Kila mmoja aeleze tabia ya mwenzake akiwa kwenye nafasi yake. Baron atamwita mkulima "churlish", mkulima naye atamwita baron "greedy" (mlafi) au "haughty" (mwenye kiburi). Watagundua sifa inategemea nani anasema.

Mwl_Chaki
Hiyo ya mwisho naianza wiki ijayo. Swali dogo: kwa nini mke wa earl ni "countess"? Nilitegemea neno linalofanana na la mume.

Ngazi7
Earl ni neno la kale la Kiingereza, halikuwa na la kike. Wanormani walikuwa na "count" na mkewe. Mume akabaki na jina la wenyeji, mke akapewa la wageni.