Kocha mzee, kikosi kinachoumiza kichwa: tupeane uzoefu wa kujua kosa ni la nani

Awamu_ya_Kumi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Wapenzi wa besiboli tunalijua hili: timu ina wachezaji wazuri, benchi amekaa mkongwe, na kila orodha ya wapigaji ikitoka unabaki unajiuliza fulani kapangwa kwa kigezo gani. Tupeane uzoefu, lakini "mzee akapumzike" peke yake haitoshi. Leta tukio, hesabu ya boli na straiki (boli ni mpira uliorushwa vibaya, nne humpa mpigaji beisi bure; straiki ni mpira mzuri aliouacha au kuukosa, tatu zinamtoa), nani alikuwepo benchi, na sheria inasemaje.

Nafungua na White Sox ya Chicago na Tony La Russa, maana pale kila aina ya kosa ipo. Oktoba 2020 mmiliki Jerry Reinsdorf alimrudisha akiwa na miaka 76. Tangu achukue ubingwa na Cardinals mwaka 2011 alikuwa hajaongoza timu, na Ukumbi wa Magwiji ulishampokea 2014. White Sox ndiyo iliyompa kazi yake ya kwanza ya ukocha ligi kuu, 1979, ikamfukuza 1986, na kufukuzwa kule kulimkaa Reinsdorf rohoni miaka yote. Aliyeondolewa kumpisha, Rick Renteria, alikuwa ametoka kuiingiza timu kwenye mtoano kwa ushindi 35 na vipigo 25 katika ule msimu mfupi wa korona.

Tukio la 5 Mei 2021, Cincinnati. Tangu 2020, kwenye msimu wa kawaida, awamu za ziada (mechi ina awamu tisa, ikiwa sare huongezwa nyingine) huanza na mkimbiaji tayari yuko beisi ya pili, naye ni yule anayetangulia kwenye orodha kabla ya mpigaji wa kwanza wa awamu hiyo. Mwaka ule kwenye viwanja vya National League (ligi kuu ina pande mbili, hiyo na American League) warushaji walikuwa bado wanapiga. La Russa alikuwa amebadilisha wachezaji wawili kwa mpigo na kuwabadilishia nafasi kwenye orodha ya wapigaji, hivyo mrushaji wake wa kumalizia, Liam Hendriks, akaangukia nafasi hiyo hiyo ya kukimbia. Sheria ilimpa njia ya kutokea: zamu ya kukimbia ikimwangukia mrushaji, kocha anaweza kumweka aliye mbele yake kwenye orodha. Huyo alikuwa José Abreu, mchezaji bora wa American League wa 2020. Hendriks akaenda kusimama beisi ya pili, White Sox wakafungwa 1-0, na baada ya mechi La Russa akakubali kwamba kipengele hicho hakukijua.

Hapo hakuna mjadala wa falsafa. Kitabu kipo, kinasomeka. Na lawama si yake peke yake: kocha wa benchi kazi yake kubwa ni kumnong'oneza bosi mambo kama hayo.

Straiki_Mbili

Nakazia mkuu, na naleta la 9 Juni 2022 dhidi ya Dodgers, maana watu hulisimulia nusu.

Awamu ya sita, auti mbili (wapigaji wawili wameshatolewa), Dodgers wanaongoza 7-5. Freddie Freeman yuko beisi ya kwanza, Trea Turner anapiga, mrushaji ni Bennett Sousa wa mkono wa kushoto. Turner keshakula straiki mbili. Mpira unamponyoka Sousa, Freeman anasogea beisi ya pili, hesabu inakuwa boli moja na straiki mbili. Beisi ya kwanza sasa iko wazi. La Russa anainua vidole vinne: Turner apewe beisi bure. Anayefuata, Max Muncy, anapiga homurani (mpira unaotoka nje ya uwanja) ya pointi tatu. 10-5. Mechi ikaisha 11-9.

Upande wa kocha una hoja, tusimwonee. Turner anapiga kwa mkono wa kulia, Muncy kwa wa kushoto, na mrushaji wa kushoto kwa kawaida humsumbua zaidi mpigaji wa kushoto. Muncy siku zile wastani wake wa kupiga ulikuwa chini ya .200, yaani chini ya hiti mbili (mpira unaomfikisha mpigaji beisi salama) kwa zamu kumi, na Turner alikuwa moto. Kama hesabu ingekuwa sifuri kwa sifuri na beisi ya kwanza wazi, makocha kadhaa wangefanya vile vile na kesho yake pasingekuwa na habari.

Tatizo ni hizo straiki mbili. Mpigaji aliyefika hapo si yule uliyemwona kwenye kadi ya takwimu. Ligi nzima, wapigaji wakishakuwa na straiki mbili wastani wao unashuka chini ya .200, na hata wa mastaa hushuka. La Russa alilinganisha Turner wa kawaida na Muncy wa kawaida, wakati aliyesimama mbele yake ni Turner aliyebakiza straiki moja. Halafu akaongeza mkimbiaji, kwa hiyo homurani ya Muncy ikabeba watatu badala ya wawili. Shabiki mmoja alisikika jukwaani akimpigia kelele Tony kwamba jamaa ana straiki mbili, na kelele zile zilinaswa na maikrofoni. Muncy naye alipovuka nyumbani alikuwa anafoka, kuonyesha amedharauliwa.

Mdau_wa_South_Side

Msisahau Yermín Mercedes, 17 Mei 2021 kule Minnesota. White Sox wanaongoza 15-4 awamu ya tisa, Twins wamemweka Willians Astudillo arushe, na si mrushaji. Hesabu ni boli tatu bila straiki, mpira unakuja taratibu kama wa mazoezi, Mercedes anautoa nje ya uwanja. La Russa akamkemea hadharani kwa kuvunja adabu za mchezo. Kesho yake Tyler Duffey akarusha mpira nyuma ya mgongo wa Mercedes, na kocha wake mwenyewe akasema haoni tatizo.

Hili kwangu ni baya kuliko la Turner. Kocha akikosea hesabu, mechi moja inaondoka. Akimwacha mchezaji wake arushiwe mpira mgongoni, chumba kizima cha kubadilishia nguo kinapiga hesabu zake.

Kadi_ya_26

Ngoja nitenganishe mambo mawili mnayoyachanganya: kupanga kikosi na kuchagua kikosi. Lawama nyingi za 2022 zilipelekwa mlango usio wake.

Kikosi cha siku ni watu 26, na mwezi wa Septemba watu 28. Tangu katikati ya 2022 warushaji kati ya hao 26 hawaruhusiwi kuzidi 13. Nyuma yao kuna orodha ya watu 40 ambayo ni mali ya uongozi, na kocha hana saini pale. Mchezaji wa orodha ya 40 huwa na misimu mitatu ambayo timu inaweza kumshusha ligi za chini na kumpandisha bila kumpoteza, na tangu 2022 haishushwi zaidi ya mara tano kwa msimu mmoja. Misimu hiyo ikiisha, kumshusha lazima apitishwe kwanza mbele ya timu nyingine, na yeyote anaweza kumdaka. Akishatimiza miaka mitano ya huduma ligi kuu, anaweza kukataa kushushwa kabisa.

Sasa mchukue Leury García. Mashabiki walikuwa wanapiga kelele "mshusheni". Hashushiki! Alishafikia uhuru wa mkataba mwishoni mwa 2021, na huo huja baada ya miaka sita ya huduma, kwa hiyo haki ya kukataa alikuwa nayo. Uongozi wa Rick Hahn, meneja mkuu wa wakati huo, ndio uliompa miaka mitatu kwa dola milioni 16.5. Njia iliyobaki ilikuwa kumwondoa kwenye orodha ya 40: siku saba za kumuuza au kumpitisha, na asipochukuliwa mshahara unabaki juu yako. Ndicho walichokuja kufanya kabla ya msimu wa 2023, ikiwa imebaki miaka miwili kati ya mitatu.

La La Russa pale ni lipi? Kumpanga juu. Mtu mwenye uwezo wa kucheza nafasi nyingi ni dhahabu akiwa wa 26. Ukimpanga nafasi ya kwanza au ya tatu kwenye orodha ya wapigaji huku fimbo yake ni miongoni mwa dhaifu kabisa kwenye ligi, hiyo ni saini ya kocha. Nafasi ya juu hupata zamu nyingi kuliko ya tisa, takriban zamu moja ya ziada kila mechi au mbili. Zidisha kwa miezi sita.

Andrew Vaughn na Gavin Sheets kucheza nyuma ya uwanja, hilo si la kocha. Wote ni watu wa beisi ya kwanza, na beisi ya kwanza ilikuwa ya Abreu. Uongozi haukununua mtu halisi wa upande wa kulia, basi kocha akapika kwa alichokuta jikoni. Na la Craig Kimbrel 2021 vile vile: umemtoa Nick Madrigal na Codi Heuer kwa Cubs kumpata mtu aliyezoea awamu ya tisa, wakati ya tisa ina Hendriks. Kimbrel akasukumwa ya nane, akapigwa, na Aprili 2022 akauzwa Dodgers kumpata AJ Pollock. Madrigal alikuwa wa beisi ya pili, na aliyekuja kuziba pengo hilo kwa mechi nyingi 2022 ni nani? Josh Harrison na huyo huyo Leury.

Awamu_ya_Kumi

Asante mkuu, hapo kwenye Madrigal umenifungulia mlango. Wengi wanauona upangaji wa Leury kama ugonjwa wenyewe, kumbe ni dalili ya pengo aliloacha Madrigal.

Mzee_wa_Suti

Uzee wa La Russa ni utoto mbele ya Connie Mack. Aliongoza Athletics ya Philadelphia kuanzia 1901 hadi 1950, miaka 50, akiwa amevaa suti na tai benchini. Alipoacha alikuwa na miaka 87. Ana ushindi 3,731 na vipigo 3,948, na vyote viwili ni rekodi. Ubingwa wa dunia mara tano, wa mwisho 1930. Baadaye ilikuwa kuteremka tu, na msimu wake wa mwisho walishinda 52 wakafungwa 102.

Sababu hakufukuzwa ni moja: timu ilikuwa yake. Basi ukitaka kujua kocha mzee ataondoka lini, acha kuangalia umri, angalia nani ana kalamu. Reinsdorf na La Russa ni marafiki wa miaka 40. Juni 2022 uwanja uliimba "Fire Tony" na haikusogeza kitu. Kilichomtoa ni moyo: mwisho wa Agosti madaktari walimzuia, Miguel Cairo akashika timu, na Oktoba ikatangazwa harudi. Walimaliza 81 kwa 81.

Kinyago_cha_Mdakaji

Naleta upande wa pili kidogo. Kocha Dusty Baker alichukua World Series (fainali ya ubingwa) na Astros ya Houston 2022 akiwa na miaka 73, kocha mzee kuliko wote waliowahi kuibeba. Mwaka uliofuata mashabiki wa Houston walimchoka kwa jambo moja: mdakaji, yule anayedaka mipira ya mrushaji nyuma ya mpigaji. Yainer Díaz, kijana, alipiga homurani 23 kwa wastani wa .282. Baker akaendelea kumpa Martín Maldonado mechi nyingi zaidi, na wastani wake ulikuwa .191.

Kazi ya mdakaji hamuioni yote kwenye televisheni. Anachagua mpira gani urushwe, anadaka mipira ya pembeni kwa mkono laini ili mwamuzi aihesabu straiki, anazuia mipira inayogonga udongo, anamtuliza mrushaji. Warushaji wa Astros walimwamini Maldonado. Hoja ya Baker ilikuwa hiyo, na si ya kipuuzi. Inapochacha ni pale pengo la fimbo linapokuwa kubwa kiasi kile, na Díaz angeweza angalau kugawana naye nusu kwa nusu. Astros wakatolewa na Rangers mechi ya saba ya nusu fainali. Nani alikuwa benchi la Rangers? Bruce Bochy, miaka 68, aliyeitwa kutoka kustaafu kama La Russa, akachukua ubingwa mwaka wake wa kwanza.

Straiki_Mbili

Na vijana je? World Series 2020, mechi ya sita. Kocha Kevin Cash wa Rays, miaka 42, anamtoa Blake Snell awamu ya sita akiwa amerusha mipira 73 tu, ameruhusu hiti mbili, straikiauti tisa (wapigaji tisa aliowatoa kwa straiki tatu). Vitabu vya takwimu vinasema wapigaji wakimwona mrushaji mara ya tatu wanamsoma. Nick Anderson anaingia, Mookie Betts anapiga ya beisi mbili, Dodgers wanageuza matokeo, 3-1, ubingwa. Cash alifuata karatasi. La Russa kwenye lile la Muncy alifuata mkono wa kushoto. Wote wawili hawakumtazama mtu aliyekuwa amesimama pale dakika ile.

Mdau_wa_South_Side

Sawa, lakini msimtakase mzee wa watu kwa kupitia Cash.

Kadi_ya_26

Hakuna anayemtakasa. Ila waliosema shida ni miaka 77 walipewa kocha Pedro Grifol, aliyezaliwa miaka 25 baada ya La Russa. 2023: ushindi 61, vipigo 101. 2024: ushindi 41, vipigo 121, vingi kuliko timu yoyote tangu 1900, na Grifol mwenyewe aliondolewa Agosti. Hahn na bosi wake Kenny Williams walishatimuliwa Agosti 2023.

Kwa mnaofuatilia timu nyingine zenye kocha wa aina hiyo, fanyeni hivi. Orodha ya wapigaji hutoka saa kadhaa kabla ya mechi, na mechi ya saa moja na dakika kumi jioni Chicago wakati wa kiangazi kwetu Afrika Mashariki ni saa tisa na dakika kumi usiku, kwa hiyo mnaipata kabla ya kulala. Anzeni na waliokosekana: yupo kwenye orodha ya majeruhi (siku 10 kwa mpigaji, 15 kwa mrushaji), yupo ligi za chini, au yupo benchi mzima? Wa kwanza ni bahati mbaya, wa pili ni uongozi. Wa tatu tu ndiye wa kocha. Halafu angalieni mkono wa mrushaji wa mpinzani kabla hamjatukana, maana nusu ya mabadiliko ya ajabu yanaelezeka hapo.

Kinyago_cha_Mdakaji

Ongeza na mchezo wa mchana baada ya wa usiku. Mdakaji mkuu karibu kila mara hupumzishwa hapo, kocha awe na miaka 40 au 80.