K562 au HL-60? Mgeni wa seli za leukemia (saratani ya damu) naomba ushauri

Mpya_Maabara: Wakuu salama? Nimepewa kazi ya kupima dawa kwenye seli za leukemia, msimamizi kasema nichague mwenyewe, K562 au HL-60. Nimezoea seli za kung'ang'ania chini ya flaski, hizi zinazoelea sijawahi kuzigusa. Ipi haitanitesa?

SeliNjema: K562 mkuu, hata usiwaze. Zilitoka kwa mama wa miaka 53 huko miaka ya 70 na mpaka leo zinakula tu. Midia (chakula chao cha maji) ya RPMI, seramu asilimia 10, nyuzi 37, CO2 asilimia 5 basi. Tripsini ya kubandua seli huhitaji, unachota kidogo unahamishia kwenye midia mpya. Ila zinaongezeka maradufu kwa kama siku moja, ukizisahau wikendi Jumatatu unakuta midia njano tupu.

MamaFlaski: Inategemea dawa bana!! K562 zina BCR-ABL (protini inayozisukuma zigawanyike), kwa hiyo kama dawa yako ni ya ukoo wa imatinib, zile za kuizuia hiyo protini, ndo zenyewe. HL-60 hazina hiyo kitu, ila ukizitia DMSO asilimia 1.25 kwa siku tano sita hivi zinakomaa zinafanana na neutrofili (aina ya seli nyeupe za damu), ukizitia PMA (kemikali nyingine) zinaelekea kuwa makrofaji (seli nyeupe zinazomeza vijidudu) na zinashika chini kabisa. Tatizo zinadeka, wengi tunazipa seramu asilimia 20, na zikishuka chini ya seli laki moja kwa mililita zinanuna, zikipita milioni zinaanza kukomaa zenyewe bila kuambiwa.

Mpya_Maabara: kwa hiyo kuhesabu kila mara? mi nilikuwa nategemea rangi ya midia tu 😅

MamaFlaski: Rangi itakudanganya mdogo wangu. Mara ya kwanza niliyeyusha HL-60 nikazimwaga kwenye flaski kubwa, siku tatu haziongezeki, nikapaniki nikawa nazungusha kwenye sentrifuji kila siku nabadilisha midia, ndo nikazimaliza. Chupa ya pili nikaweka mililita 5 tu, flaski ndogo nikaisimamisha wima seli zikae karibu karibu, nikaziacha. Zikaamka.

Baridi_Kali: Mmesahau mikoplasma, bakteria mdogo sana anayeingia kwenye seli. Midia haichafuki, kwenye hadubini huoni kitu, na penisilini haiigusi maana haina ukuta wa seli. K562 zinaweza kuendelea kukua nayo vizuri tu huku majibu yako yote ni takataka. Pima kabla hujaanza, zikiwa safi gandisha chupa kadhaa mapema.

Mpya_Maabara: Dawa inazuia tairosini kinesi ya ABL, ile sehemu ya BCR-ABL.

SeliNjema: si ungesema mwanzo! K562, halafu HL-60 ziwe za kulinganisha, zikifa zote kwa dozi ileile ujue dawa yako inaua chochote.

Mpya_Maabara: Poa, kesho nayeyusha K562. Tripani bluu (rangi ya kuonyesha seli zilizokufa) ipo, hemositomita (kifaa cha kuhesabia seli) ipo, kile kioo chake cha juu ndo sikioni.

MamaFlaski: Kitafute kwanza ndo utoe chupa kwenye nitrojeni. Zikishayeyuka hazikai kwenye DMSO ya kugandishia kukungoja wewe.