Naomba ushauri: AC/DC kwa wasikilizaji wa Mtwara

Wakuu, heshima kwenu. Nimepewa saa moja ya muziki usiku kwenye redio ndogo hapa Mtwara mjini, na nataka kuwapigia watu Power Up, albamu ya Novemba 2020 ya AC/DC, bendi ya roki ya Australia. Tatizo ni kwamba wasikilizaji wangu ni wa singeli na bongo fleva. Gitaa likikwaruza kidogo tu simu zinaanza: "Redio imeharibika?"

Albamu yenyewe ina kisa. Malcolm Young, mpiga gitaa wa bendi hiyo, alifariki 2017, lakini mdogo wake Angus akazijenga nyimbo juu ya vipande vya gitaa walivyowahi kutunga pamoja. Mwimbaji wao Brian Johnson, aliyeacha ziara 2016 kwa matatizo ya masikio, akarudi kuimba. Ilishika namba moja Australia, Uingereza na Marekani. Wahakiki wengi waliisifu, ingawa wapo waliosema ni AC/DC ile ile. Kwangu hiyo ni sifa; mbona ngoma ya sindimba hatuiombi ibadilike?

Sasa nianze na kisa cha ndugu hao, au nipige wimbo wao "Shot in the Dark" moja kwa moja? Na saa tatu usiku, watu wa Shangani na Chikongola wakiwa bado mezani, si mapema mno?