Sumukuvu: ukaguzi ufike hadi mashine za kusaga vijijini, au uishie viwandani?

MLETA MADA
Wakuu, tubishane kwa hoja. Sumukuvu (aflatoksini) ni sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka kama mahindi. Tangu Julai 2019 usimamizi wa usalama wa chakula umehama TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa Tanzania (siku hizi TMDA, imebaki na dawa na vifaa tiba), ukaenda TBS, shirika la viwango. Kiwango cha Afrika Mashariki kipo: sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni kwa jumla, na ile aina ya B1, iliyo kali zaidi, isizidi 5. Unga wa pakiti unakaguliwa, sawa. Lakini 2016 kule Dodoma na Manyara walikufa watu wapatao 20, na Ukambani, Kenya, 2004 waliugua 317 wakafa 125. Wengi walikula mahindi ya shamba lao wenyewe, yaliyohifadhiwa na unyevu. Gunia halikupita sokoni wala kiwandani. Mkaguzi angekutana nalo wapi?

Nasema sampuli zichukuliwe kwenye mashine za kusaga kila msimu, na majibu yabandikwe ofisi ya kijiji.

MWENYE MASHINE
Unatutafutia faini tu. Mama analeta debe lake, mimi nasaga, sikumuuzia. Mkikuta sumu anafungiwa nani? Mimi. Yeye atatwanga kwa kinu nyumbani. Na mkimwambia amwage, mtampa nini ale mpaka mavuno?

MCHANGIAJI
Babu zetu walikula hayohayo na wakazeeka. Miradi ya wazungu hii.

MLETA MADA
Babu yako alizikwa kwa "ugonjwa wa ini" au "karogwa", nani alipima? Inayoua kwa wiki moja ni sumu nyingi kwa mpigo. Ile ya kidogo kidogo huleta saratani ya ini baada ya miaka, na mwenye homa ya ini B yuko hatarini zaidi. Huwezi kuionja, na kuchemsha ugali hakuiondoi. Kukoboa kunapunguza, ila sisi wa dona ndiyo hivyo tena.

Mwenye mashine, suala la faini umenishinda. Yapimwe mahindi bila adhabu kwa yeyote. Chakula cha kufidia ndicho kigumu, na anayepanga mpango huu bila bajeti hiyo anawafundisha watu kuficha magunia.

ALIYEFANYA KAZI MAABARA
Mnaongea kama kupima ni kuchovya kijiti. Ukungu hauenei sawasawa guniani. Unaweza kuchota palipo safi huku punje chache za pembeni zimebeba sumu yote. Unatia bambo (kile chuma cha kuchotea sampuli guniani) sehemu nyingi, unachanganya, unasaga, ndipo unapima. Ukitoa cheti kwa kiganja kimoja umewadanganya watu. Kama hela ni kidogo, mimi ningeanza na turubai za kuanikia, kipima unyevu (13.5 kwa mia kushuka chini) na mifuko isiyopitisha hewa.

MLETA MADA
Turubai nazitaka pia. Lakini bila kupima utajuaje kama mwaka huu zipelekwe Kiteto au Chemba? Sampuli za kijiji si za kumpa mtu cheti. Ni za kuona tatizo limehamia wapi kabla hospitali haijaanza kupokea watoto wenye macho ya manjano.

MFANYABIASHARA WA NAFAKA
Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu hiyohiyo, siku chache baadaye ikafungua kwa masharti ya cheti. Ghafla kila dalali akawa mtaalamu wa sumukuvu! Mnunuzi wa nje ana anayempimia. Ila niwaulize nyie mnaotaka vipimo: lori likikataliwa mpakani, mzigo unaenda wapi?

MLETA MADA
Unarudi kuuzwa huku ndani, wewe unajua kuliko mimi. Basi naongeza dai: namba ya mzigo uliokataliwa itumwe TBS na kwenye halmashauri ulikotoka, na usiuzwe tena kwa chakula. Nani anapinga hilo, na kwa hoja gani?

MFANYABIASHARA WA NAFAKA
Sipingi. Nauliza hasara ni ya nani, maana mkulima nilishamlipa.