Sanduku la picha za wachezaji wa zamani: bei hii ni ya haki? Nisaidieni

Mjukuu wa Kaloleni:
Hamjambo wadau. Hili jambo limeninyima usingizi wiki ya pili sasa. Babu yangu alikuwa mpiga picha wa kujitegemea, hakuna gazeti lililowahi kumwajiri. Tangu miaka ya sitini alikuwa akizunguka viwanjani na kamera yake, kisha anawauzia picha mashabiki na wachezaji wenyewe langoni. Zilizobaki zimo kwenye sanduku la bati, mia tatu na kitu, negativu zimefungwa kwa karatasi za mkate. Yupo Joe Kadenge, yule mwanasoka wa Kenya, ameinama anafunga kamba za kiatu, ulimi umetoka kidogo pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika. Wapo mabondia wakipimwa uzani, wachezaji wa hoki wenye vilemba pale City Park, na wengine wengi ambao hakuna anayewajua tena. Sasa kuna mtu anataka sanduku zima kwa shilingi 90,000. Swali langu ni hilo tu: bei hiyo ni ya haki?

Mzee wa Ngara:
City Park! Umenirudisha mbali, kijana. Marehemu baba alikuwa akinipeleka huko Jumapili, tunakula mahindi ya kuchoma nyuma ya goli. Ukiwaambia watoto wa leo kwamba Kenya ilimaliza ya nne Kombe la Dunia la hoki, Barcelona 1971, wanadhani umechanganyikiwa. Avtar Singh Sohal, tuliyemwita Tari, alicheza Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972. Nne! Kama yumo kwenye sanduku lako, hiyo picha pekee usiiuze.

Mama Sifa Umoja:
Umesema babu "alikuwa" mpiga picha. Yupo au alishatangulia?

Kijani Damu:
Mimi bei siijui, lakini uliza kama kuna picha za 1987. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Gor Mahia, timu yetu ya soka, walikwenda Tunis kwa fainali ya Kombe la Washindi Afrika, wakatoka 2-2 na Esperance, wakarudi hapa Nairobi 1-1, kombe likabaki kwetu kwa mabao ya ugenini. Watu wanamtaja Peter Dawo, na anastahili. Lakini mimi niliyempenda ni Abbas Magongo, yule tuliyemwita Zamalek. Akipata mpira, uwanja mzima unasimama kabla hajafanya lolote. Nyumbani tulikuwa na redio moja kwa nyumba nne, na jioni ile hakuna aliyekwenda kulala kwao.

Mjukuu wa Kaloleni:
Asanteni kwa kumbukumbu. Tukirudi kwa bei, kuna anayejua picha za aina hii huuzwa vipi?

Mama Sifa Umoja:
Hujanijibu.

Mjukuu wa Kaloleni:
Sawa, mama. Babu yupo. Ana miaka 86 na tunaishi naye. Kumbukumbu zinamtoka, asubuhi nyingine ananiita kwa jina la marehemu baba yangu. Sijamwambia. Ila nielewe na mimi: paa linavuja, picha zinaota ukungu, baadhi zimeshikana kabisa. Zikikaa hapa mwaka mwingine zitakuwa takataka. Na ukweli ni kwamba nimeshapokea 30,000 za mwanzo. Ziliingia karo ya mdogo wangu siku hiyo hiyo. Nani kati yenu angekataa?

Fundi Saa:
Kumbe umekuja kuombewa baraka, ushauri ulishajipa mwenyewe.

Mama Sifa Umoja:
Mwanangu, karo ni jambo la heri, sikulaumu kwa hilo. Lakini mtu akiwa hai, hata kama amesahau majina, vitu vyake haviuzwi mgongoni kwake. Mimi nilimuuzia mama cherehani yake alipolazwa. Alirudi nyumbani, akawa anakaa kwenye kile kiti kinachotazama ukuta pale ilipokuwa. Hakunisema hata siku moja.

Mkimbiaji wa Kasarani:
Tatizo la nchi hii ni kwamba tunamkumbuka Kipchoge Keino tu, halafu tunafunga kitabu. Wilson Kiprugut ndiye aliyetuletea medali ya kwanza ya Olimpiki, Tokyo 1964, mita 800. Naftali Temu ndiye wa kwanza kupata dhahabu, Mexico 1968, mita 10,000. Na Henry Rono? Mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 3,000, 5,000, 10,000 na kuruka viunzi na maji. Olimpiki hakukimbia hata moja, kwa sababu Kenya ilisusia 1976 na tena 1980. Nikimfikiria Rono huwa naumia kama ni ndugu yangu.

Mpekuzi:
Jamani, tulieni kidogo. Kuna aliyeona picha hata moja? Mjukuu, huwezi kuweka, basi tuandikie kilichoandikwa nyuma ya hiyo ya Kadenge. Neno kwa neno.

Mjukuu wa Kaloleni:
"Kadenge, Nyayo, 1966."

Mpekuzi:
Nilijua. Uwanja wa Nyayo ulifunguliwa 1983. Hata jina lenyewe la Nyayo lilikuja na Moi, na Moi alishika urais 1978. Mwaka 1966 ungesema Jogoo Road, pale City Stadium palipopewa baadaye jina la Kadenge mwenyewe, ningekuamini. Huyu ametunga, anawapima kabla ya kuuza picha za kughushi.

Kijani Damu:
Na mimi nimemwaga moyo wangu hapa!

Fundi Saa:
Ile karatasi ya mkate ndiyo iliyonipata mimi.

Mjukuu wa Kaloleni:
Sijatunga. Nimelivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, nimetazama kwa tochi ya simu. Babu huandika kwa penseli, herufi zake zimelala upande. Hii "Nyayo" ni kalamu ya wino wa buluu, na chini yake penseli imefutwa ila inasomeka ukiinamisha kwenye mwanga: "Kadenge, 66, mvua." Nimegeuza nyingine. Kumi na saba zina wino ule ule. Si mwandiko wa mtu yeyote wa hapa nyumbani.

Mpekuzi:
Nani mwingine amezishika?

Mjukuu wa Kaloleni:
Mnunuzi. Alikaa nazo mchana mzima akisema anazipanga, mimi nikaenda kumtafutia soda. Na kuna jambo sikulisema. Aliondoka na bahasha mbili, za mabondia, kuzipiga skani. Karibu theluthi ya sanduku. Negativu zake pia.

Mpekuzi:
Nimekudhania vibaya, ndugu. Niwie radhi. Anaziandikia viwanja vinavyojulikana ili apandishe bei, wala historia haijui.

Glovu za Muthurwa:
Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi nilipigana ridhaa hapa mjini miaka ya sabini, uzani wa unyoya, jina langu hamlijui. Mabondia unaowasema ndio watu wangu. Robert Wangila mnamkumbuka kwa dhahabu ya Olimpiki ya Seoul 1988, lakini Stephen Muchoki alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa, Belgrade 1978, kilo 48. Mtoto wa Nairobi, ngumi zake huzioni zikitoka. Mimi sina picha yangu hata moja nikiwa na glovu. Hata moja. Kwenye zile bahasha, babu alikuwa ameandika majina gani?

Mjukuu wa Kaloleni:
Sikuyasoma, mzee. Naona aibu kukuambia hivyo.

Glovu za Muthurwa:
Babu yako anayajua. Jina la jana litampotea, la zamani halipotei upesi. Jumamosi nakuja Kaloleni nikae naye. Hizo 60,000 zilizobaki usizipokee.

Mama Sifa Umoja:
Na mpigie huyo mtu simu sasa hivi, usingoje kukuche.

Mjukuu wa Kaloleni:
Tochi imemwamsha babu. Ameketi kitandani, ameishika ile ya Kadenge kwa ncha za vidole kana kwamba picha bado ni mbichi. Amesema siku ile mvua ilimharibia filamu mbili. Kisha ameingiza mkono ndani ya sanduku, akapapasa pembe ya kushoto, akaniuliza, "Mabondia wako wapi?" Nimemwambia wako kwa fundi. Simu ya mnunuzi inaita tu, haishikwi. Nimepiga mara sita.