Biashara inauza kila siku, mwisho wa mwezi sioni kitu. Nisaidieni wakuu

MamaSindano
Habari za jioni wanajukwaa. Siku zote nasoma kimyakimya humu, leo imebidi nijisajili kwa sababu usingizi sipati.

Nina karakana ndogo ya ushonaji, huu mwaka wa nne. Wateja wapo. Mafundi watatu, mimi nakata na kupokea oda. Lakini kila ikifika tarehe 28 nafungua droo nakuta sarafu na risiti. Nyumbani tumeshabana kila kinachobanika. Juzi nilimzimia mwanangu taa akiwa bado anasoma, nikarudi kuiwasha kwa aibu.

Swali langu ni moja tu. Kwa kupangilia matumizi ya biashara na ya nyumbani, nitumie daftari au programu ya simu? Ipi inafaa?

Ngoja_Waje
Nimekaa pale nasubiri wataalamu.

KijanaMpya
Programu dada, daftari la nini zama hizi? Halafu fuata 50/30/20: nusu ya kipato mahitaji ya lazima, 30 unavyovipenda, 20 akiba na madeni. Elizabeth Warren, yule seneta wa Marekani, aliieneza pamoja na binti yake mwaka 2005. Mimi naifuata, mambo safi.

BabaPacha
Kijana, hiyo ni ya mtu anayepokea mshahara. Mwenye biashara, pesa iliyo mkononi nusu yake siyo yake, ni ya vitambaa vya kesho.

Ngoja nikupe yangu dada. Miaka miwili niliuza vipuri nikiongeza robo juu ya bei niliyonunulia. Marafiki nikawa nawapunguzia 20%, nikijua bado nabaki na 5. Siku moja mke wangu akaniketisha na kalamu. Kitu cha 80, ongeza robo, unauza 100. Punguza 20% ya 100, umerudi 80. Miaka miwili nawafanyia marafiki kazi bure, na usafiri juu yangu! Hao marafiki sasa hivi hata salamu hawatoi.

MamaSindano
Pole kaka, ila bei zangu ziko sawa. Nauliza daftari au programu.

MzeeWaDaftari
Mwanangu, chombo chochote kitakufaa ukikiambia ukweli. Mtawa wa Kiitalia, Luca Pacioli, alichapisha mwaka 1494 namna wafanyabiashara wa Venice walivyoandika hesabu zao, na wahasibu wa leo bado wanaifuata: kila kinachotoka mahali lazima kionekane kimeingia mahali pengine. Pesa imetoka, kitambaa kimeingia. Ujira umetoka, nguo zimeingia. Ukikuta kimetoka na hakuna kilichoingia, hapo ndipo panapovuja.

Sitaki kujua unaingiza kiasi gani. Niambie tu, katika kila 100 ya mauzo, ngapi inakwenda wapi.

MamaSindano
Asante mzee wangu. Nimetoka kufungua daftari sasa hivi.

Vitambaa, uzi, zipu, vifungo: 60
Mafundi watatu, 7 kila mmoja: 21
Pango, umeme, mafuta ya cherehani, mengineyo: 9
Nyumbani: 10

Kila fundi anatoa nguo 8 kwa siku, siku 25. Kwa mwezi tunauza nguo kama 400. Mnaona wenyewe, hakuna pa kupunguza.

MzeeWaDaftari
Imejaa 100 pomoni. Bajeti isiyobakiza hata moja, sindano ikivunjika ni kikao cha familia. Na matengenezo ya cherehani yako wapi? Mashine unayotegemea ikudumu miaka 5, gawa bei yake kwa miezi 60, weka pembeni hicho kipande kila mwezi. Usipoweka, unakula cherehani kidogokidogo.

Kwenye 60 pia pana kitu. Unapokata, mabaki unayapima? Karakana niliyowahi kuishikia hesabu ilikuwa inanunua mita 10 na nguo zinatoka za mita 8 na nusu. Hakukuwa na mwizi. Ilikuwa karatasi ya kielelezo imepinda, kila kipande kinakatwa na upana wa vidole viwili zaidi. Tulibadilisha karatasi tu.

BiMkubwa
Mimi sina hesabu, nina swali. Mwaka wa nne unahangaika, usingizi umekata leo. Kwa nini leo? Kuna kitu hujasema, mwanangu.

MamaSindano
Haya, shikamoo mama. Kuna oda. Nguo 400 za mteja mmoja mkubwa. Anataka nimpunguzie 10%, na analipa siku 60 baada ya kupokea mzigo. Hela ya vitambaa kuna mtu ananikopesha, riba 10% kwa mwezi, riba inalipwa kila mwezi. Sijaja kuuliza kama nichukue. Nilitaka tu kujua nitaiandikaje kwenye bajeti. Hii ndiyo itakayonivusha.

BabaPacha
Kausha damu huyo. Kimbia.

KalamuNyekundu
Watu wa siku hizi wanapenda vikubwa. Wazazi wetu waliishi kwa walichonacho. Ukiona huwezi, tulia na oda ndogondogo, riziki haina haraka.

BiMkubwa
Wazazi wetu nao walikopa, ndugu yangu. Hawakutuambia tu.

MzeeWaDaftari
Tupige hesabu kwanza. Nguo 400 ni mwezi wako mzima, yaani ile 100. Ukipunguza 10% unapokea 90. Toa vitambaa 60, toa mafundi 21, unabaki na 9. Riba ya 60 ni 6 kwa mwezi. Mwezi mmoja wa kushona, miwili ya kusubiri malipo, jumla 18. Hasara 9, na bado hatujagusa pango.

Ukitaka nikuambie utaiandikaje: kwa wino mwekundu.

MamaSindano
Mzee umekadiria vibaya, siyo hasara kubwa kiasi hicho. Na mteja kama huyu ukimpata mara moja analeta nyingine. Halafu nimeshachukua nusu ya ule mkopo. Kitambaa cha nguo 200 nimeshakata.

BabaPacha
Umeshakata!!! Sasa ushauri unaoomba ni wa nini? Kitambaa kilichokatwa hakirudishwi dukani.

Msumari
Nimesoma tangu mwanzo bila kuchangia. Wakuu, hii ni chai, na wengi mmeshakunywa.

Angalieni. Mafundi watatu, nguo 8 kwa siku, siku 25. Hiyo ni 600. Yeye anauza 400. Nguo 200 kila mwezi zinakwenda wapi, zinaliwa na panya? Mgawo wenyewe umenyooka mno, 60, 21, 9, 10, kama swali la mtihani. Na mzee anaambiwa amekadiria vibaya wakati ametumia namba alizopewa. Huyu ni mwanafunzi anafanyiwa zoezi na nyie, au kesho atarudi kutuuzia programu ya bajeti.

KijanaMpya
Duh. Ngoja nihesabu. 3 mara 8 ni 24, mara 25... kweli 600.

Ngoja_Waje
Nimesogeza kiti karibu.

KalamuNyekundu
Nilijua tu. Ndiyo maana sikutoa ushauri wa kina.

MzeeWaDaftari
Msumari, umewahi nilichotaka kuuliza kesho. Ila mimi sioni chai. Mtu anayetunga huhakikisha namba zake zinakubaliana. Mwanangu, nilikuambia kila kinachotoka lazima kionekane kimeingia. Ujira wa fundi wa tatu unatoka. Nguo zake zimeandikwa wapi?

(Siku ya pili)

MamaSindano
Niliifunga simu jana. Nimerudi kwa sababu mzee ameuliza kwa adabu.

Mafundi ni wawili. Wa tatu hayupo.

Miezi 14 iliyopita nilinunua mashine ya tarizi kwa mkopo, kwa huyohuyo mtu. Deni ni sawa na 70 ya mauzo ya mwezi, riba ni 7. Mume wangu hukagua daftari kila mwisho wa mwezi, na alishaniambia kabla nisikope kwa ajili ya ile mashine. Kwa hiyo riba nikaiandika kama fundi. Nikampa na jina. Siku moja mume wangu akauliza mbona hajawahi kumkuta, nikasema anafanyia kazi kwao.

Chekeni tu.

Ngoja_Waje
Fundi anayelipwa na hajawahi kushika sindano. Mimi naomba nafasi hiyo.

KalamuNyekundu
Ndoa ni uaminifu. Tatizo hapa siyo bajeti, ni tabia.

BiMkubwa
Haya, umeshatoa hotuba, kaa. Mwanangu, pole. Mimi nilificha deni dogo kuliko hilo kwa muda mrefu kuliko huo, na kilichonichosha hakikuwa deni. Ilikuwa kukumbuka nilimwambia nini mwezi uliopita.

BabaPacha
7 mara 14 ni 98. Umeshamlipa 98 kwa deni la 70, na 70 bado unadaiwa yote. Mashine yenyewe inafanya kazi?

MamaSindano
Siku mbili kwa wiki, wiki nyingine haiguswi. Lakini siiuzi, msianze. Ile mashine ni ndoto yangu.

Na kama mafundi ni wawili, basi kwenye oda ujira ni 14. 90 toa 60, toa 14, inabaki 16. Riba 18. Hasara ni 2 tu, siyo 9. Nilisema mzee amekadiria vibaya!

MzeeWaDaftari
😂 Umeshinda kesi, mwanangu. Hasara 2.

Msumari
Nimekubali, siyo chai. Mtu hatungi uongo wa aibu namna hii. Ila sasa ngoja nikuumize zaidi.

Mafundi wawili ni nguo 16 kwa siku. Nguo 400 ni siku 25. Yaani mwezi wote wanashona oda hiyo moja. Wateja wako wa kila siku nani atawashonea? Mwezi huo droo haiingizi kitu, miwili inayofuata mteja mkubwa bado hajalipa. Pango linadai, nyumbani wanataka 10 yao, na fundi wako wa tatu anataka 7 bila kuchelewa. Hapo utakopa mara ya tatu. Hiyo hasara ya 2 ni kwenye karatasi. Kitakachokuua ni kukosa pesa mkononi katikati ya safari.

KijanaMpya
Watashona usiku?

Msumari
Usiku nao ni ujira, na fundi aliyechoka anaharibu kitambaa. Wewe endelea na 50/30/20.

MzeeWaDaftari
Kilichokatwa kishonwe, hakuna namna. Lakini nusu ya pili usikopee. Nenda kwa mteja, mwambie utamletea kwa awamu mbili, 200 kwanza. Omba arubuni ya nusu. Punguzo la 10% apewe kwa sababu ametoa arubuni. Punguzo na siku 60 kwa pamoja ni wewe kumkopesha yeye kwa pesa uliyokopa kwa 10%. Awamu mbili zinakupa pia nusu ya siku za mafundi kwa wateja wako wa kawaida, droo isikauke.

Mashine, sawa, usiiuze. Basi ifanye kazi. Karakana nyingine zisizo na tarizi ziletee nguo zao, mlipane kwa kipande, na kila kinachopatikana pale kipunguze lile deni la 70. Ukilipunguza kwa 10, riba inashuka kwa 1 mwezi unaofuata na kuendelea. Ila muulize kwanza kama anapokea deni kwa vipande, wengine wanataka lote kwa mpigo ili riba isishuke.

MamaSindano
Mteja nikimwomba arubuni atakwenda kwa mwingine.

BabaPacha
Akienda, amekuonesha mapema. Muulize tu. Mimi marafiki zangu sikuwahi kuwauliza.

(Siku ya tano)

MamaSindano
Nimerudi na majibu. Mteja amenung'unika, lakini amekubali awamu mbili. Arubuni amekataa nusu, ametoa 30%. Za kwanza 200 analipa siku 30 baada ya kupokea. Yule mkopeshaji amesema anapokea kwa vipande, ila siyo chini ya sehemu moja ya saba ya deni.

Karatasi ya kielelezo nayo nimeipima, mzee. Imepinda upande wa bega. Kidole kimoja, siyo viwili.

MzeeWaDaftari
Sehemu ya saba ya 70 ni 10, inatosha. Sasa, 30% ya 90 ni 27. Kitambaa cha nusu ya pili ni 30. Umepungukiwa 3 tu. Hiyo 3 usiikope. Ngoja wateja wa kawaida wiki mbili, kisha ndiyo ukate.

Msumari
Na fundi wa tatu?

MamaSindano
Nimelikata jina lake daftarini. Mahali pake nimeandika RIBA, herufi kubwa, kwa kalamu isiyofutika. Mwisho wa mwezi bado siku 6.

Ngoja_Waje
Nimekaa pale. Siku 6.